Mwana wa Mtoro na Taa ya Umeme
Kila niwashapo taa humkumbuka Lewis Latimer, ingawa sifa zote hupewa Edison. Baba yake alitoroka utumwani Virginia mwaka 1842, akakamatwa Boston, na watu wakamnunulia uhuru kwa dola 400. Lewis alizaliwa 1848. Alianza kama tarishi katika ofisi ya mawakili wa hati za uvumbuzi, akawachungulia wachoraji hata akawashinda. Mwaka 1876 alichora michoro ya simu ya Bell. Kisha, akiwa na kampuni iliyoshindana na Edison, alibuni njia ya kuoka nyuzi za kaboni za taa zisivunjike. Akapewa hati mwaka 1882. Ajabu ni kwamba baadaye aliajiriwa upande wa Edison, akamtolea ushahidi mahakamani. Alifariki 1928.