Sam Ntiro, Mchoraji wa Migomba na Mlima

Sisi wakazi wa Kimana huutazama Mlima Kilimanjaro kila kukicha. Maji ya chemchemi yanayonywesha mashamba yetu ya nyanya na vitunguu, na kinamasi wanamonywa ng'ombe na ndovu, asili yake ni mlima huo. Hata hivyo, ni walimu wachache, sembuse wanafunzi, wawezao kumtaja mchoraji aliyezaliwa upande wake wa pili na kuyafikisha maisha ya wanakijiji wake katika majumba ya sanaa ya ulimwengu. Mchoraji huyo ni Sam Joseph Ntiro, na naona ni aibu kwetu kutomfahamu.

Ntiro alizaliwa Machame, Tanganyika, mwaka wa 1923. Huko ni upande wa kusini, unaopata mvua nyingi kuliko huku kwetu. Watu wake, Wachaga, walijulikana kwa vihamba vyao vya migomba na kahawa, na kwa mifereji waliyoichimba ili kuyateremsha maji hadi mashambani. Hayo ndiyo mandhari yaliyomlea.

Katika miaka ya 1940 alijiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, akafundishwa na Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko mwaka wa 1937. Bi. Trowell aliamini kwamba Mwafrika hapaswi kulazimishwa kuona kwa macho ya Mzungu. Badala ya kuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili, aliwasimulia jambo, kisha akawaacha walichore jinsi walivyoliona akilini mwao. Ntiro alikuwa miongoni mwa matunda bora ya mafunzo hayo, na baadaye akawa mwalimu papo hapo Makerere.

Kati ya 1952 na 1955 alisomea shule ya sanaa ya Slade, mjini London. Wengi wangetarajia kwamba angerejea akichora kama Waingereza. Haikuwa hivyo. Aliendelea kuchora watu wa Machame wakilima, wakivuna, wakijenga na wakienda sokoni. Watu katika picha zake aghalabu ni wengi, na hufanya kazi kwa pamoja. Nyuso zao hazina maelezo mengi. Huwezi kusema huyu ni fulani, wala yule ni fulani. Anayesawiriwa ni umma, wala si mtu binafsi. Miti yake ina maumbo sahili, rangi zake ni kolevu, na kanuni ya kupunguza ukubwa wa vitu vilivyo mbali haikumshughulisha sana.

Kwa sababu hiyo, wapo waliodai kwamba uchoraji wake ni wa kitoto. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Mtu aliyekaa Slade miaka mitatu hawezi kuambiwa kwamba hakuzijua kanuni. Alizijua, akachagua zilizomfaa, nyingine akaziacha. Kutojua ni upungufu. Kuchagua ni uhuru.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Yasemekana Ntiro alichora pepo isiyokuwako. Mwaka wa 1951 majirani zao Wameru walifukuzwa na serikali ya kikoloni katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, na mwaka uliofuata malalamiko yao yakafikishwa mbele ya Umoja wa Mataifa. Dhiki ya namna hiyo haionekani katika migomba yake mitulivu. Nakubali kwamba hilo ni pengo. Lakini tukumbuke enzi yenyewe. Wakati mkoloni alipomdharau mkulima Mwafrika kuwa mvivu asiye na utaratibu, kumchora akifanya kazi na wenzake kwa heshima kulikuwa jibu tosha, ingawa halikutolewa kwa kelele.

Mwaka wa 1960, Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, Marekani, lilipata picha yake ya mwaka wa 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, Ntiro aliteuliwa kuwa balozi wake nchini Uingereza. Mkewe, Sarah Nyendwoha wa Uganda, alikuwa msomi mashuhuri aliyehitimu Oxford mwaka wa 1954. Baadaye Ntiro alihudumu katika idara ya utamaduni ya Tanzania na kufundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliaga dunia mwaka wa 1993.

Ndugu mwalimu, maisha haya yanatuhusu. Kwa miaka mingi kabla ya KCPE kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, uchoraji haukutahiniwa, na somo lisilotahiniwa hugeuzwa kipindi cha hisabati. Mtaala mpya umeirejesha sanaa darasani, lakini mtaala pekee hauwezi kubadilisha mkono wa mwalimu. Mtoto wa Kimana akimchora ng'ombe wa babake mkubwa kuushinda mlima, tusikimbilie kumwekea alama ya kosa. Tumwulize kwanza kwa nini amefanya hivyo. Huenda nyumbani kwao ng'ombe huyo ndiye karo, ndiye chakula, ndiye heshima ya ukoo. Basi ukubwa huo una maana.

Nawe mwanafunzi, usidhani kwamba picha nzuri ni lazima iwe na theluji ya Ulaya au majumba ya Nairobi. Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Ntiro alifika London na picha zake zikafika New York, ilhali kilichompa sifa ni migomba ya kijijini kwao. Wewe una kinamasi, mifugo, vibarua wanaochuma nyanya, na mlima uleule. Chukua penseli yako uanze na hayo.