Édouard Lucas: Ofisa wa Mizinga Aliyeiteka Namba Kubwa

Katika vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 hadi 1871, miongoni mwa maofisa wa mizinga wa Ufaransa alikuwamo mtaalamu wa hisabati, Édouard Lucas. Nchi yake ilishindwa. Yeye akavua sare, akashika chaki, akaingia katika mapambano mengine yasiyomwaga damu.

Lucas alizaliwa Amiens tarehe 4 Aprili 1842. Kabla ya vita alikuwa mtumishi wa kituo cha kuchunguza nyota cha Paris. Baada ya vita alikuwa mwalimu wa sekondari.

Ngome aliyoikabili ilikuwa namba. Zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 2 mia moja ishirini na saba, kisha toa 1. Utapata 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727, yaani tarakimu 39. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alidai kuwa namba hiyo ni tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini hakutoa ushahidi, na kila polisi anajua kuwa dai lisilo na ushahidi halisimami.

Kujaribu vigawanyo kimoja kimoja kungemaliza umri wa vizazi vingi. Lucas akabuni njia nyingine. Ndugu msomaji, ijaribu kwa namba ndogo ya 127, ambayo ni 2 saba zilizozidishwa, kutoa 1. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, ushike baki. Rudia hivyo hivyo kwa kila baki. Utapata 7, kisha 47, 48, 16, na mara ya tano 0. Sifuri hiyo ndiyo ushahidi kwamba 127 ni tasa.

Kwa ile namba kubwa hatua ni 125, nazo hufanywa kwa tarakimu nyingi mno. Hata hivyo, mwaka 1876 Lucas alitangaza kuwa ni tasa. Mwaka huo huo aligundua kosa la Mersenne: namba ya 2 sitini na saba zilizozidishwa, kutoa 1, si tasa. Vigawanyo vyake vilipatikana mwaka 1903 tu, na Mmarekani Frank Nelson Cole.

Namba ya Lucas haikupitwa kwa ukubwa kwa miaka 75, hadi 1951. Njia yake, iliyoboreshwa na Derrick Lehmer, ndiyo iliyothibitisha kwa kompyuta, mwaka 2024, namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Mwaka 1891, karamuni, sahani ilianguka na kuvunjika, na kigae chake kikamkata Lucas shavuni. Jeraha likaingia maradhi, naye akafariki Paris tarehe 3 Oktoba, akiwa na miaka 49. Aliyesalimika na mizinga ya vita aliuawa na kigae cha sahani. Kazi aliyoifanya kwa subira, hatua kwa hatua bila kuruka hata moja, ingali inatumika.