Al-Jahiz wa Basra na Kipimo cha Akili

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Katika masomo ya Kiarabu, jina la Al-Jahiz hutajwa kila tunapofika kwenye balagha. Tunaambiwa kuwa alikuwa bingwa wa nathari, tunaandika majina ya vitabu vyake daftarini, na mtihani ukipita tunamsahau. Mimi nimeamua kuandika habari zake kwa sababu nyingine. Zaidi ya miaka 1000 kabla ya watu wa Ulaya na Marekani kuanza kupima akili za mataifa kwa mitihani, mtu huyu aliuliza swali linalopaswa kutangulia kila kipimo cha namna hiyo. Swali hilo linatuhusu sana sisi Waislamu wa Rwanda.

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Alizaliwa Basra, kusini mwa Iraq, karibu na mwaka 160 Hijria, yaani 776 Miladia. Al-Jahiz ni lakabu tu, na maana yake ni mtu mwenye macho yaliyotokeza. Hakuwa mzuri wa sura, na mwenyewe hakulificha hilo. Waandishi wa tarajimu wanaeleza kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mwendesha ngamia, aliyekuwa maula wa Banu Kinana. Kwa hiyo hakuwa na nasaba ya kujivunia mbele ya Waarabu wa Basra, wala hakuwa na mali. Utotoni aliuza mikate na samaki kando ya mfereji wa Sihan.

Alichokuwa nacho ni njaa ya kusoma. Inasimuliwa kwamba siku moja alirudi nyumbani akaomba chakula, mama yake akamletea sinia lililojaa madaftari, kumwonyesha kwamba hicho ndicho alichochuma. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu usiku, akajifungia humo na kusoma mpaka asubuhi. Mchana alikaa msikitini katika halaka za masheikh, au alikwenda Mirbad, soko la nje ya mji ambako mabedui waliingia na lugha safi ya jangwani. Alisoma lugha na mashairi kwa Al-Asmai, Abu Ubayda na Abu Zayd al-Ansari. Ilimu ya kalamu aliisoma kwa An-Nazzam, mmoja wa wakuu wa Muutazila.

Hapa niseme wazi kwa ndugu wanaochunga itikadi: Al-Jahiz alikuwa Muutazila, na maulamaa wa Ahlus Sunna wamezijibu rai za kundi lake kwa urefu. Mimi siandiki kutetea itikadi yake. Naeleza maisha yake na hoja yake moja.

Karibu na mwaka 200 Hijria aliandika kuhusu uimamu, na maandishi yake yakamfikia Khalifa Al-Maamun, akayapenda. Tangu hapo alikuwa mtu wa Basra na Baghdad, baadaye na Samarra pia. Inasemekana alipewa kazi ya ukatibu katika diwani ya serikali, akaiacha baada ya siku 3. Aliishi kwa kalamu. Kitabu cha Wanyama, Al-Hayawan, alimtunukia waziri Ibn az-Zayyat. Al-Bayan wat-Tabyin alimtunukia kadhi mkuu Ahmad bin Abi Duad. Inasimuliwa kwamba kila kimoja kilimletea dinari 5000.

Maisha ya namna hiyo yana hatari zake. Mwaka 233 Hijria (847 Miladia) Khalifa Al-Mutawakkil alimwangusha Ibn az-Zayyat na kumtesa mpaka akafa. Al-Jahiz alikimbia, akakamatwa na kupelekwa akiwa na minyororo mbele ya Ibn Abi Duad, aliyekuwa hasimu wa waziri huyo. Alijieleza kwa ulimi wake mwepesi, akasamehewa. Kuna habari pia kwamba Al-Mutawakkil alitaka kumfanya mwalimu wa watoto wake, lakini alipouona uso wake akamlipa dirhamu 10,000 na kumwambia aende zake. Mtu mwenye ilimu kuliko wote waliokuwemo barazani alipimwa kwa macho yake. Nadhani mtu aliyepitia mambo kama hayo hujua vizuri jinsi watu wanavyopimana.

Sasa tuje kwenye risala yake iitwayo Fakhr as-Sudan ala al-Bidan, yaani fahari ya watu weusi mbele ya weupe. Basra ya wakati wake ilikuwa na Wazanji wengi, watu waliotolewa pwani yetu ya Afrika Mashariki na kufanywa watumwa. Wengi walifanya kazi katika mabwawa ya kusini mwa Iraq, wakikwangua tabaka la chumvi juu ya ardhi ili palimike. Watu wa mji waliwaona wakiwa wamechoka na wachafu, wakibabaika katika lugha isiyo yao, wakahukumu kwamba taifa zima halina akili.

Al-Jahiz anawapa Wazanji nafasi ya kujibu. Jibu lao ni hili: nyinyi hamjatuona sisi. Mmewaona mateka tu, waliochukuliwa mwambao na mabondeni mwa Qanbalu, na hao ni wanyonge wetu. Watu wa Lanjuya hamjawaona kabisa. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Qanbalu ni Pemba, na Lanjuya ni Unguja. Basi msomaji wa Kiswahili anasoma risala ya Kiarabu ya karne ya 9 na kukutana na visiwa anavyovijua.

Kisha anatoa mfano uliokata mzizi wa fitina. Watu wa Baghdad na Basra walijua kwamba India ni nchi ya hesabu, falaki, tiba na mchezo wa sataranji. Lakini wakiwatazama mateka wa Kihindi waliokuwa mikononi mwao, hawakuona hata mmoja mwenye ilimu hizo. Je, walisema kwamba India haina akili? Hawakusema, kwa sababu ilimu ya India ilikwishawafikia kwa njia nyingine. Kwa nini basi kwa Wazanji wahukumu taifa lote kwa kuwatazama mateka? Na anaongeza kwamba katika nchi yao, khatibi wa Kizanji husimama mbele ya mfalme akasema tangu jua kuchomoza mpaka linapotua bila ulimi kumkwama.

Kuhusu rangi, alikataa kwamba weusi ni laana au kugeuzwa umbo. Alitaja ardhi ya mawe meusi ya Banu Sulaym huko Arabuni, ambako, kwa maelezo yake, kila anayeishi hapo huwa mweusi, hata mgeni, hata swala na mbuni. Kwake hayo ni maumbile aliyoyaweka Allah kwa njia ya udongo, maji na ukali wa jua. Leo elimu ya urithi inaeleza mambo kwa njia nyingine, na mfano huo hatuuchukui ulivyo. Ila msimamo wake unakubaliana na Suratur Rum aya ya 22, inayohesabu tofauti za ndimi na rangi zetu miongoni mwa ishara za Allah. Akawataja Luqman, Bilal, Najashi na Said bin Jubayr, radhi za Allah ziwe juu yao, kama mashahidi wake.

Uaminifu wa kielimu unanitaka niseme na upande wa pili. Al-Jahiz huyohuyo, katika vitabu vyake vingine, ana maneno ya kuwadharau Wazanji. Kwa sababu hiyo wapo watafiti wanaosema risala hii ni zoezi la mjadala tu, kwa kuwa alikuwa hodari wa kutetea pande mbili za jambo moja. Pengine ni kweli. Lakini hoja haianguki kwa udhaifu wa aliyeisema. Swali la nani umewaona, na waliletwa kwako katika hali gani, lina nguvu hata kama muulizaji alilisahau siku nyingine.

Wengine baada yake walichukua habari ya mazingira na kuipeleka kubaya. Ibn Khaldun, katika karne ya 14, naye alikataa kisa cha laana ya Ham, akaeleza rangi kwa joto la nchi. Lakini aliendelea kusema kwamba joto hilohilo huwapa watu weusi wepesi wa akili na furaha isiyo na fikra. Kwa hiyo kusema mazingira peke yake hakutoshi. Anayetaka kukudharau atakudharau kwa damu yako, na ukimzuia hapo atakudharau kwa jua la kwenu.

Uzeeni Al-Jahiz alirudi Basra. Alipooza upande mmoja wa mwili, akaendelea kuandika. Alifariki mwezi wa Muharram mwaka 255 Hijria, ambao uliangukia mwishoni mwa 868 na mwanzoni mwa 869. Kuna simulizi mashuhuri kwamba rafu za vitabu vyake zilimwangukia. Ukweli wake ni kwa Allah. Kilicho hakika ni kwamba mwaka huohuo wa 255, katika Ramadhani, Wazanji wa mabwawa ya Basra waliasi. Vita vyao na dola ya Abbasi vilichukua miaka 14. Walijenga mji wao, Al-Mukhtara, na mwaka 257 waliingia Basra na kuiteketeza. Damu nyingi ya wasio na hatia ilimwagika, na siwasifu kwa hilo. Lakini watu waliosemwa hawana akili walipanga majeshi, wakatoza kodi na kupiga sarafu.

Sasa turudi karibu na zama zetu. Mwaka 1905, huko Ufaransa, Alfred Binet alitunga mtihani wa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Hakudhamiria kupanga mataifa kwa ngazi. Baada ya kifo chake, Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, wanajeshi wapatao milioni 1.7 walipewa mitihani ya akili, na wasomi wengine wakatangaza kwamba imethibitika mtu mweusi amezaliwa na akili pungufu. Mwalimu mweusi Horace Mann Bond alizitazama takwimu hizohizo upya. Wastani wa weusi wa majimbo ya kaskazini kama Illinois na New York ulikuwa juu ya wastani wa weupe wa majimbo ya kusini kama Mississippi na Arkansas. Kilichotofautisha ni shule. Sidhani kama Bond aliwahi kumsoma Al-Jahiz, lakini swali ni lilelile.

Hapa kwetu tunaijua hadithi hii kwa uchungu. Wabelgiji walipima pua na vichwa, wakasema hawa wamezaliwa kutawala na wale kulima. Nafasi za shule ya Astrida, ambayo leo ni Huye, wakazielekeza kwa wale waliowapendelea. Kisha ofisi zilipojaa waliosoma, wakasema mnaona, tuliwaambia. Kwanza wanafunga mlango, halafu aliyebaki nje wanamwita mjinga. Matunda ya upimaji ule yalivunwa mwaka 1994.

Waislamu nao walikuwa nje ya mlango. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Nyamirambo alijua kwamba bei ya kalamu huenda ikawa dini ya mtoto wake. Wengi walikataa bei hiyo. Tukaitwa watu wa udereva na biashara ndogondogo, kana kwamba udereva uko katika damu.

Basi ndugu zangu, jambo ninalotaka tulichukue kwa Al-Jahiz ni hili. Kila mwaka matokeo ya mwaka wa kwanza yanapobandikwa, nasikia katika vikao vyetu wenyewe maneno ya kwamba watu wa wilaya fulani vichwa vyao vizito, au kwamba waliotoka madrasa hawawezi hesabu. Tunasema hivyo kuhusu vijana waliosoma bila vitabu na bila taa, na wengine wanakutana na lugha ya kufundishia wakiwa watu wazima. Kabla hatujawahukumu, tuwaulize walisomea wapi na walisoma na nini. Na tukishapata jibu, tusiishie kuhurumia. Wenye nguvu katika somo fulani wakae na wenzao baada ya Swala ya Isha, mara mbili kwa wiki, mpaka mitihani. Suratul Hujurat aya ya 13 imekwisha tupa kipimo, nacho ni taqwa, na anayekijua kwa hakika ni Allah peke yake.

Allah awarehemu waliotutangulia katika elimu, awasamehe walipokosea, na atujaalie tuwe waadilifu tunapowapima wenzetu. Amin. Wabillahi tawfiq.