Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na amani kati ya majirani

Ndugu waamini, kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba, Taifa letu humkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mwaka 1999. Tumezoea kumkumbuka kama Baba wa Taifa, aliyetuongoza kupata uhuru na kutufundisha umoja. Tafakari hii inamtazama kwa upande ambao haujadiliwi sana: kama mwamini mlei aliyehangaika kwa zaidi ya robo karne kutafuta amani na nchi jirani. Alijaribu njia mbalimbali. Baadhi zilishindwa, baadhi zilifaulu nusu, na ile iliyozaa tunda la kudumu zaidi hakuishi kuliona likiiva.

Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora na Makerere, akapokea Ubatizo mwezi Desemba 1943, kisha akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, na jina la Mwalimu halikumtoka hadi mwisho.

Jaribu lake kubwa la kwanza mintarafu amani ya majirani lilianza tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipotwaa madaraka nchini Uganda. Mwalimu alikataa kuutambua utawala huo, akampa Milton Obote hifadhi, na akakataa kuketi na Amin katika mikutano ya wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kukataa kuubariki utawala uliomwaga damu kulikuwa ushuhuda wa ukweli. Hata hivyo, mwezi Septemba 1972 wafuasi wa Obote wenye silaha walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakashindwa katika muda wa siku chache, na ndege za Amin zikashambulia Bukoba. Hifadhi anayopewa mkimbizi ni tendo la huruma. Inapogeuka kuwa njia ya kupitishia silaha, humpa adui kisingizio.

Mwezi Oktoba 1972 pande hizo mbili zilipatana mjini Mogadishu, kwa usuluhishi wa Somalia, kuondoa majeshi yao umbali wa kilomita 10 kutoka mpakani. Mkataba ule ulituliza risasi kwa miaka sita. Lakini ulitenganisha askari tu. Haukugusa kiini cha ugomvi wala mateso ya wananchi wa Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilitoweka hata ile meza ambayo majirani wangeweza kuketi pamoja.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua watu, yakapora mali na mifugo, na kuvunja daraja la Kyaka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka kusuluhisha. Mwalimu hakukubali usuluhishi uliompima mvamizi na mvamiwa kwa mizani moja. Mafundisho ya Kanisa yanaitambua haki ya taifa kujilinda, yakiweka masharti mazito: njia nyingine ziwe zimeshindikana, na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale zinayokusudia kuyaondoa. Kumfukuza mvamizi kutoka Kagera kulitimiza masharti hayo bila ubishi mkubwa. Kuendelea hadi Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979, kulizua mjadala, na baadhi ya viongozi wa Afrika walimlaumu Mwalimu waziwazi.

Vita ilimwondoa Amin, lakini haikuleta amani. Uganda ilibadilisha viongozi mara kadhaa kwa muda mfupi, kisha ikatumbukia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe hadi mwaka 1986. Kwetu Tanzania, uchumi ulidhoofika sana. Hapa Usukuma, wizi wa mifugo uliongezeka, hata wananchi wa Shinyanga na Tabora wakaunda Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Silaha na ugumu wa maisha vilivyofuata vita ile hutajwa miongoni mwa sababu zake. Hivyo gharama ya vita ya Kagera ilifika hadi kwenye mazizi ya wafugaji wa huku, mbali kabisa na mpaka wa Uganda.

Mwaka 1985 Mwalimu aliachia urais kwa hiari. Miaka 11 baadaye, akiwa mzee asiye na jeshi wala serikali, aliitwa kuwa msuluhishi wa Burundi, nchi iliyokuwa ikiangamia tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Mazungumzo ya kwanza yalifanyika jirani yetu, jijini Mwanza, mwaka 1996. Mwezi Julai mwaka huo Pierre Buyoya alitwaa madaraka, na viongozi wa nchi jirani, wakikutana Arusha, wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Vikwazo vilisaidia kuwasukuma watawala kwenye meza. Lakini mzigo wake uliwaelemea zaidi maskini, huku wafanyabiashara ya magendo wakineemeka. Viliondolewa mwezi Januari 1999. Wakati huohuo uhusiano wa Tanzania na Burundi ulikuwa mbaya. Burundi ililalamika kwamba waasi walijificha katika kambi za wakimbizi za Kigoma, na ikatilia shaka haki ya msuluhishi mwenyewe.

Mwalimu hakuacha kazi. Kuanzia Juni 1998 aliwakusanya Arusha wawakilishi wa serikali, bunge na vyama vya Burundi, akawagawa katika kamati. Moja ilichunguza chanzo cha mgogoro. Nyingine, ya amani na usalama, iliongozwa na Padre Matteo Zuppi wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambaye leo ni Kardinali na Askofu Mkuu wa Bologna. Kasoro kubwa ilikuwa kuwaacha nje baadhi ya wapiganaji wenye silaha. Mkataba ulipotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, chini ya Nelson Mandela, Mwalimu alikuwa amekwisha kufariki, na vita iliendelea hadi makundi yale yalipoingizwa katika makubaliano, kundi kubwa mwaka 2003 na lililobaki mwaka 2006. Mkataba huo ulikataza kabila lolote kuwa na zaidi ya nusu ya jeshi, ili asiwepo anayelala akihofia bunduki ya mwenzake.

Ndugu waamini, tukizilinganisha njia hizo, tunaona jambo moja. Kutenganisha majeshi kulinunua muda. Vita ilimzuia mvamizi. Vikwazo viliwasukuma wakaidi. Lakini hakuna hata moja iliyojenga amani pale ambapo ukweli wa chanzo haukusemwa, na pale ambapo mhusika mmoja aliachwa nje ya mlango. Papa Yohane XXIII, katika waraka Pacem in Terris wa mwaka 1963, alitaja nguzo nne za amani: ukweli, haki, upendo na uhuru. Nguzo moja ikikosekana, nyumba huyumba. Hata Burundi iliyumba tena mwaka 2015, na wakimbizi wakarudi Kigoma.

Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu Mwenyeheri mwaka 2005. Kanisa halihitaji kusema kwamba hakukosea. Linachunguza iwapo aliishi imani, matumaini na mapendo kwa kiwango cha kishujaa. Nasi hapa Kishapu, tunaposuluhisha mgogoro wa malisho, wa mpaka wa shamba au wa familia mbili zisizosalimiana, tujiulize maswali yaleyale: je, chanzo kimesemwa kwa ukweli? Je, aliyeumizwa ametendewa haki? Je, yule tunayemwogopa zaidi amepewa kiti? Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inayojiuliza hivyo inaiendeleza kazi aliyoiacha Mwalimu.

Mwenyezi Mungu ampe mtumishi wake pumziko la milele, na azijalie nchi zetu jirani amani ya kweli.