SHEIKH MUHAMMAD RIFAAT, MSOMAJI ALIYEFUNGUA REDIO YA MISRI

Marehemu Sheikh Muhammad Rifaat alizaliwa mjini Cairo, Misri, mwaka 1882. Angali mtoto mdogo alipatwa na maradhi ya macho, akapofuka. Baba yake akamtia chuoni, naye akahifadhi Kurani yote. Kisha baba akafariki, na mzigo wa kuwalisha waliobaki nyumbani ukamwangukia mtoto yule.

Alipokuwa kijana akawekwa kuwa msomaji katika msikiti wa Fadil Pasha, mtaa wa Darb al-Gamamiz. Akasoma hapo kila Ijumaa kwa miaka mingi, na sifa za kisomo chake zikaenea mji mzima. Hakuwa mtu wa kupiga makelele. Alisoma kwa utulivu na unyenyekevu, kila herufi akiipa haki yake.

Mwaka 1934 ilipofunguliwa redio ya Serikali ya Misri, yeye ndiye aliyetakiwa aifungue kwa kisomo. Akasita. Redio husikiwa msikitini na majumbani, lakini husikiwa pia penye ulevi na mchezo. Akaogopa Maneno ya Mwenyezi Mungu yasije yakavunjiwa heshima. Wala hakukata shauri kwa rai yake peke yake, bali aliwauliza wanavyuoni. Sheikh Muhammad al-Ahmadi al-Zawahiri, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar wakati ule, akamjibu kuwa inajuzu. Basi tarehe 31 Mei akasoma mwanzo wa Suratul Fat-h, na sauti iliyokuwa ya msikiti mmoja ikawafikia wagonjwa vitandani na wazee wasioweza kutembea.

Katika miaka ya 1940 maradhi ya koo yalimkata sauti ile. Watu wakataka kumchangia fedha za matibabu. Akawashukuru, akakataa kuzipokea. Alifariki tarehe 9 Mei, 1950.

Zakaria Mahran Pasha, mmoja wa waliompenda, alikuwa akikinasa kisomo chake katika sahani za santuri kilipokuwa kikitangazwa. Kwa sahani hizo kisomo kingi kilihifadhiwa, na hata leo sauti yake husikiwa Misri katika mwezi wa Ramadhani.

Maisha yake yatufunza kwamba jambo jipya si haramu kwa upya wake, wala si halali kwa kupendwa na watu. Huulizwa wajuao, kisha hutendwa kwa adabu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.