Hendrik van de Hulst, mtaalamu aliyeitafuta barafu kati ya nyota

Hendrik van de Hulst alizaliwa mjini Utrecht, Uholanzi, tarehe 19 Novemba 1918. Alikuwa bado mwanafunzi majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi yake Mei 1940. Chuo Kikuu cha Leiden kilifungwa, na mwaka 1942 mwalimu wake, Marcel Minnaert, aliwekwa kizuizini.

Katika miaka hiyo migumu, kijana huyo alizama katika swali ambalo darubini za wakati ule hazikuweza kulijibu: vumbi lililotanda kati ya nyota hukua vipi?

Jibu lake lilitokana na hesabu. Angani atomi zimetawanyika mno, na ni nadra kukutana. Chembe ya vumbi huzikusanya. Katika baridi inayokaribia nyuzi 260 za Selsiasi chini ya sifuri, atomi za oksijeni, kaboni na nitrojeni hunata juu ya chembe, hukutana na haidrojeni, na kuungana kuwa maji, methani na amonia. Hivyo chembe hiyo hujivika ganda la barafu.

Mwaka 1944 alikokotoa pia kwamba haidrojeni ya angani hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mawimbi hayo yalinaswa mwaka 1951, na jina lake likavuma duniani.

Barafu yake haikupata bahati hiyo mapema. Watafiti walioitafuta katika miaka ya 1960 hawakuiona, na wengi wakaanza kuitilia shaka nadharia yake. Ilipofika mwaka 1973, vipimo vya miali ya infraredi vilionyesha alama ya barafu ya maji kwenye wingu la Orion. Ikabainika kwamba barafu hujificha ndani ya mawingu mazito, ambako mwanga mkali wa nyota haupenyi.

Muda mfupi baadaye, Mayo Greenberg alianzisha mjini Leiden maabara ya kuunda barafu ya namna hiyo na kuimulika kwa miali ya urujuanimno, ili kuchunguza jinsi molekuli changamano zinavyozaliwa.

Van de Hulst alifariki dunia tarehe 31 Julai 2000. Leo darubini ya James Webb inaipima barafu hiyo katika mawingu yanayozaa nyota na sayari, na wanasayansi wanaamini kwamba sehemu ya maji ya Dunia ilianza safari yake juu ya chembe kama hizo, kabla Jua halijawaka.