Malcolm Loughead

Malcolm Loughead (1886 – 1958) alikuwa fundi na mhandisi kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni breki za magari zinazofanya kazi kwa nguvu ya mafuta. Pamoja na mdogo wake Allan alikuwa pia mmoja wa watengenezaji wa kwanza wa ndege katika jimbo la California.

Maisha ya awali

Mama yake, Flora Haines Loughead, alikuwa mwandishi wa habari na vitabu. Ndugu yake wa mama mmoja, Victor, alikuwa mhandisi aliyeandika vitabu kuhusu ndege. Akiwa kijana, Malcolm alifanya kazi ya ufundi mjini San Francisco katika kampuni ya White, iliyokuwa ikitengeneza magari ya mvuke.

Ndege

Mwaka 1913 Malcolm na Allan walirusha ndege yao ya kwanza, Model G, iliyoweza kutua majini, juu ya ghuba ya San Francisco. Mwaka 1915 waliitumia kubeba abiria wa kulipa wakati wa maonyesho makubwa ya mji huo. Mwaka 1916 walianzisha kampuni ya ndege mjini Santa Barbara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi liliuza ndege zake kwa bei rahisi, na kampuni ikakosa wateja hadi ikafungwa.

Breki za mafuta

Magari ya wakati ule yalisimamishwa kwa vyuma na nyaya zilizounganisha pedeli na magurudumu. Nyaya hizo zilivutika bila usawa: gurudumu moja lilishika mapema, jingine likachelewa, na gari likayumba. Loughead alitumia kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo la kimiminika kilichofungiwa huenea sawa pande zote. Dereva akikanyaga pedeli, pampu kuu husukuma mafuta kwenye mabomba hadi silinda ndogo za magurudumu, na magurudumu yote hupata shinikizo kwa wakati mmoja.

Aliomba hataza mwaka 1917, na mwaka 1919 aliachana na ndege akaanzisha kampuni ya breki mjini Detroit. Aliipa jina la Lockheed, kwa sababu watu wengi walishindwa kutamka Loughead sawasawa. Gari la Duesenberg Model A la mwaka 1921 lilikuwa la kwanza kuuzwa likiwa na breki za namna hiyo kwenye magurudumu yote manne.

Breki za mwanzo zilivujisha mafuta kwa sababu vizibo vyake vilikuwa vya ngozi. Wahandisi wa Chrysler waliweka vizibo vya mpira, na mwaka 1924 gari la kwanza la kampuni hiyo lilitoka likiwa na breki hizo. Ford ilizichukua mwaka 1939 tu. Kampuni ya Bendix ilikuwa imeinunua ile ya Loughead mwaka 1932.

Hewa katika breki

Mfumo huu hutegemea jambo moja: mafuta hayabanwi, lakini hewa hubanwa. Hewa ikiingia kwenye mabomba, pedeli huwa laini kama sponji na dereva hulazimika kuikanyaga mara kadhaa kabla breki haijashika. Pedeli inayozama polepole huku imekanyagwa kwa kawaida huonyesha kwamba mafuta yanavuja au mipira ya pampu kuu imechakaa.

Fundi huanza kwa kuziba mvujo, kisha hutoa upepo. Kwa kawaida huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu na kumalizia lililo karibu, ila baadhi ya magari yana utaratibu wake. Msaidizi hukanyaga pedeli na kuishikilia. Fundi hulegeza nati ya kutolea upepo, mafuta yenye mapovu hutoka kupitia mpira uliozamishwa kwenye chupa yenye mafuta ya breki, kisha huikaza nati kabla msaidizi hajaachia. Akiachia mapema, hewa huvutwa tena ndani. Kazi hurudiwa hadi mapovu yaishe, huku mafuta yakiongezwa ili tangi lisikauke. Mafuta ya injini hayafai, kwa kuwa huharibu mipira.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, unyevu huo hugeuka mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Kwa hiyo pikapu ya zamani inayobeba korosho au ufuta kutoka Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, inaweza kusimama vizuri ikiwa tupu, kisha ikakosa breki mteremkoni ikiwa na mzigo.

Urithi

Mwaka 1926 Allan alianzisha kampuni mpya ya ndege na kuiita Lockheed, jina ambalo breki za kaka yake zilikuwa zimekwisha kulitangaza. Leo watu wengi hulijua kwa ndege za kivita za Lockheed Martin. Hata hivyo, pikapu na magari madogo mengi bado husimama kwa njia aliyoibuni Malcolm Loughead, aliyefariki mwaka 1958.